Je, distro ibebe vifurushi vinavyotegemea vitu vya nje visivyopatikana?

Mwalimu wa Maabara (Gulu) anauliza:

Ndugu wasimamizi wa mifumo, naleta swali ambalo naamini linawagusa wote wanaotumia Linux mahali ambapo intaneti hununuliwa kidogo kidogo. Katika shule ninayofundisha, nje kidogo ya mji wa Gulu, maabara ya kompyuta haina muunganisho wa kudumu, na tangu Julai 2021 data inatozwa ushuru wa asilimia 12, kwa hiyo hatuwezi kuruhusu kila mashine ijipakulie programu zake. Utaratibu wetu ni huu: mwenzetu aliyeko Kampala, ambako muunganisho ni mzuri, hunakili hazina ya vifurushi, yaani mkusanyiko wa programu zilizofungwa tayari kusakinishwa unaotolewa na distro yetu (aina ya Linux tunayotumia), kwenye diski ya nje, diski hutumwa kwa basi hadi Gulu, nasi tunaiweka kwenye seva ya maabara ili mashine zote zisakinishe na kusasisha programu kutoka hapo.

Utaratibu huu umetufaa sana, isipokuwa mahali pamoja. Muhula uliopita tulisakinisha kifurushi cha fonti ili fomu za alama tunazoletewa kutoka nje zifunguke kama zilivyoandikwa. Skrini ya leseni ilitokea, tukaikubali, usakinishaji ukaisha, na amri ya dpkg -l ikaonyesha herufi ii mbele ya jina la kifurushi, yaani kimesakinishwa kikamilifu. Hata hivyo amri ya fc-list haikuorodhesha hata fonti moja kati ya zile tulizozitaka, na fomu ilipofunguliwa jedwali la alama lilivuka ukurasa, safu ya jumla ikabaki peke yake kwenye ukurasa wa pili. Tulipokifungua kifurushi chenyewe tulikuta hakina fonti ndani. Kina skripti ambayo kazi yake ni kwenda kwenye tovuti fulani na kuzipakua fonti huko. Na kwa kuwa mtandao wetu hauna njia ya kutoka nje, skripti ilishindwa na usakinishaji ukaendelea kana kwamba hakuna lililotokea.

Nauliza mambo mawili. La kwanza, je, ni haki distro iweke katika hazina yake kifurushi ambacho kitu chake cha msingi hakimo humo, bali kiko kwa mtu mwingine? La pili ni gumu zaidi: ikiwa kile kitu cha nje kimetoweka kabisa, kwa sisi wa Gulu na kwa mtu wa Berlin vilevile, je, kifurushi kiendelee kuwepo, kiondolewe, au kiwekewe alama? Kwangu mimi, hazina ni ahadi kwamba kilichoorodheshwa kipo. Lakini najua wapo wenzetu wenye uzoefu zaidi katika utunzaji wa vifurushi, na ningependa kusikia jinsi jambo hili linavyoamuliwa na wale wanaoliamua.

Msimamizi wa Seva (Kampala) anajibu:

Mwalimu, swali lako ni la zamani kuliko wengi wanavyodhani, na watu wa Debian, mojawapo ya distro za Linux, walilitolea jibu la kimaandishi tangu miaka ya tisini. Katika mkataba wao wa kijamii wa mwaka 1997 waliahidi kwamba mfumo wao hautamlazimisha mtu kutumia kitu kisicho huria (yaani ambacho watu hawako huru kukitumia, kukibadilisha na kukisambaza), na kutokana na ahadi hiyo hazina yao imegawanywa katika sehemu. Sehemu ya main ndiyo Debian yenyewe: kifurushi kilichomo humo hakiruhusiwi kuhitaji kitu chochote kilicho nje ya main, iwe wakati wa kutengenezwa au wakati wa kutumika. Sehemu ya contrib ni ya programu ambazo zenyewe ni huria lakini haziwezi kufanya kazi bila kitu kilicho nje ya main, na humo ndimo vinamowekwa vifurushi vya kupakua kama hicho kilichokusumbua. Non-free ni ya programu zisizo huria. Mwaka 2022 wanachama walipiga kura kuhusu programu ndogo zinazoendesha vifaa vya mashine, na kuanzia Debian 12, iliyotoka Juni 2023, zikapata sehemu yao iitwayo non-free-firmware.

Kwa hiyo jibu la kanuni ni kwamba vifurushi hivi vinaruhusiwa, lakini nje ya ukuta. Tatizo lako lilianza pale hazina iliponakiliwa pamoja na contrib, kwa sababu mara faili zikishawekwa kwenye seva moja, mwanafunzi anayeandika apt install, amri ya kusakinisha, haoni ukuta wowote.

Mfano unaojulikana zaidi wa vifurushi vya aina hiyo ni ttf-mscorefonts-installer, na inafaa kueleza kwa nini kimetengenezwa hivyo, kwa sababu mtunzaji wake hakufanya uzembe. Mwaka 1996 Microsoft walianza kutoa bure fonti zao za tovuti, zikiwemo Arial, Times New Roman, Verdana na Georgia, na mwaka 2002 wakasitisha utoaji huo. Leseni iliruhusu mtu mwingine azisambaze mradi azisambaze katika faili zake za asili, bila kuzibadilisha na bila kuziuza. Distro haiwezi kuzifungua faili hizo, kuzipanga upya na kuzitia ndani ya kifurushi chake bila kuvunja sharti hilo. Ikabaki njia moja: kifurushi chenye skripti inayochukua zile faili za asili kutoka mahali zilipohifadhiwa, yaani SourceForge, na kuzifungulia kwenye mashine ya mtumiaji. Sheria ya leseni ndiyo iliyolazimisha umbo hilo.

Hata hivyo naunga mkono msimamo wako, tena kwa sababu nzito kuliko usumbufu wa jedwali. Nguvu yote ya hazina inatokana na mnyororo wa uaminifu: orodha kuu hutiwa saini, orodha hiyo hubeba alama za uhakiki za orodha ndogo, na orodha ndogo hubeba alama ya kila kifurushi. Kwa hiyo ninyi Gulu mnaweza kupokea diski iliyopita mikononi mwa kondakta wa basi na bado mkawa na hakika kwamba hakuna aliyeigusa. Kifurushi cha kupakua hukata mnyororo huo katikati. Kikiwa kimetengenezwa kwa uangalifu, skripti yake hubeba alama ya uhakiki ya faili la nje, na usalama unarudi. Lakini sasa mwenye faili akilibadilisha hata kidogo, alama hazilingani na usakinishaji unakwama kwa watumiaji wote hadi mtunzaji atoe toleo jipya. Kikitengenezwa bila alama hiyo, hakikwami, ila kinapokea chochote kinachotoka upande wa pili, na kinakipokea kikiwa na mamlaka ya msimamizi mkuu wa mashine. Hakuna njia ya tatu.

Kuhusu swali lako la pili, historia ya Flash, programu ya kuchezea video na michezo ya tovuti, inatosha. Adobe walisitisha programu ile tarehe 31 Desemba 2020, na kuanzia tarehe 12 Januari 2021 yenyewe ilikataa kucheza chochote. Kifurushi cha kupakua Flash baada ya siku hiyo ni sawa na kisanduku cha dawa ambacho ndani yake kuna anwani ya duka lililofungwa. Kitu cha aina hiyo kiondolewe katika toleo linalofuata, na sababu iandikwe mahali ambapo mtumiaji ataiona. Kukiacha ni kumwibia mtu muda wake na, hapa kwetu, bando lake.

Mwanaprogramu wa Mbarara anajibu:

Namshukuru Msimamizi kwa maelezo yake, lakini naomba nipinge hitimisho lake, kwa sababu limejengwa juu ya mifano ya faili zinazopakuliwa wakati wa kusakinisha, na hiyo ni sehemu ndogo tu ya jambo. Programu nyingi zaidi hutegemea kitu cha nje wakati wa kutumika: huduma ya hali ya hewa, ramani, ujumbe, mahali ulipo. Hizo ziko ndani ya main, kwa sababu kanuni inazungumzia vifurushi na haisemi lolote kuhusu seva za watu. Tukisema kwamba kila kinachotegemea kitu cha nje kilichokufa kiondolewe, tutaondoa vitu ambavyo bado vina uhai.

Chukueni geoclue, programu ambayo GNOME, mazingira ya skrini ya Linux, huitumia kujua kompyuta iko wapi, ili kwa mfano saa ijirekebishe kulingana na eneo. Kwa miaka mingi iliuliza huduma ya Mozilla, ambayo ilikadiria mahali kwa kuangalia mitandao ya Wi-Fi iliyo karibu. Machi 2024 Mozilla walitangaza kuifunga huduma hiyo, na katikati ya mwaka huo ikawa imezimwa. Kwa kipimo cha Mwalimu, siku hiyo geoclue iligeuka kuwa ahadi tupu. Lakini anwani ya huduma ile iliandikwa katika faili la kawaida, /etc/geoclue/geoclue.conf, na mtu yeyote aliweza kufuta mstari ule na kuandika anwani ya huduma nyingine inayojibu kwa utaratibu uleule. Je, kweli tungesema geoclue iondolewe? Programu zinazoitegemea zingeanguka nayo, na kazi ya miaka ingepotea kwa sababu ya mstari mmoja.

Kuna pia jambo la watu ambao tayari wanacho kile kinachokosekana. Mtu mwenye faili za zamani za data, alizozipata kihalali wakati zilipokuwa zinapatikana, anahitaji programu ya kuzisoma. Contrib imejaa injini za michezo ya kompyuta ambazo data yake haiuzwi tena popote, na bado wapo wenye diski halisi kabatini. Vivyo hivyo, baadhi ya vifurushi vya kupakua humruhusu msimamizi aelekeze kwenye saraka yenye faili alizokwisha kuzipata, badala ya kwenda mtandaoni. Kwa mtu huyo, tovuti kuwa hai au kufa si hoja.

Ninachoogopa ni hiki: uamuzi wa kuondoa hufanywa na watu wenye intaneti ya kasi, ambao programu ikiondolewa hazinani wataipata penginepo katika dakika moja. Sisi tusio na uwezo huo ndio tunaoathirika zaidi na kila kifurushi kinachofutwa, kwa kuwa kwetu kisichokuwepo kwenye diski hakipo kabisa. Januari 2021, wakati wa uchaguzi mkuu, intaneti ilifungwa nchini kote kwa siku kadhaa. Waliokuwa na hazina ndani ya ofisi waliendelea na kazi. Katika hali kama ile ningependa diski yangu iwe na vingi iwezekanavyo, hata vile ambavyo nusu ya uwezo wake imelala.

Mwalimu wa Maabara (Gulu) anajibu:

Ndugu wa Mbarara, hoja yako ya siku za kufungwa kwa intaneti naipokea kwa uzito wote, lakini naiona inaniunga mkono mimi. Siku zile kilichotufaa ni kile kilichokuwa ndani ya diski kikiwa kamili. Kifurushi cha kupakua kingekuwepo kwenye orodha na kisingekuwa na manufaa yoyote, na ubaya wake ungekuwa kwamba tungekigundua siku hiyohiyo ya shida, wakati hakuna tena njia ya kutafuta mbadala. Kifurushi kisichokuwepo kinanionya mapema kuliko kilichopo kwa jina tu.

Geoclue nakubali ni mfano tofauti. Naomba mwenye uzoefu atusaidie kuona mpaka uko wapi.

Mtunza Vifurushi (Entebbe) anajibu:

Nimefanya kazi ya kutengeneza vifurushi kwa muda mrefu, na mpaka ninaoutumia hauangalii kama kitu cha nje kimekufa au la. Ninauliza: kikifa, ni nani mwenye uwezo wa kukirudisha? Ikiwa mtumiaji, au mtunzaji, au mtu yeyote mwenye seva na nia njema anaweza kusimamisha kitu kingine mahali pake, programu ina maisha yake yenyewe na inastahili kubaki. Ikiwa ni mmiliki mmoja tu duniani, na mmiliki huyo ameshafunga mlango, kilichobaki hazinani ni ganda.

Kwa kipimo hicho geoclue inabaki, na Ndugu wa Mbarara yuko sahihi. Injini za michezo zinabaki pia, kwa kuwa mwenye data anaweza kuzitumia leo na hata miaka ishirini ijayo bila kumwomba mtu ruhusa. Flash inaondoka. Corebird nayo, programu nzuri ya Twitter kwenye GNOME, haikuwa na pa kwenda Twitter walipofunga njia ya kupokea ujumbe papo kwa papo mwezi Agosti 2018: msimbo wake ulikuwa huria kabisa, lakini hakuna mtu mwingine aliyeweza kuwa Twitter. Ipo pia njia ya katikati ambayo haijatajwa hapa. Pidgin ilikuwa na uwezo wa kuzungumza na huduma nyingi za ujumbe, na zile zilizokufa zilipokuwa nyingi, toleo la mwaka 2017 liliondoa sehemu za MSN, MySpace na Yahoo, huku programu yenyewe ikiendelea na zilizobaki. Mtunzaji makini hukata tawi lililokauka kabla hajafikiria kung'oa mti, na watumiaji hawabaki na vitufe vinavyoongoza kusikojibu.

Naomba sasa niseme juu ya aina ya tatu ya utegemezi, ambayo kwangu ndiyo ya hatari kuliko zote na ambayo mtumiaji haioni kamwe: kitu cha nje kinachohitajika wakati wa kutengeneza kifurushi kutoka kwenye msimbo wake. Programu nyingi za kisasa, hasa zilizoandikwa kwa JavaScript, zinapojengwa huenda mtandaoni kuchukua vipande mamia kwa mamia vilivyoandikwa na watu mbalimbali. Machi 2016 mwandishi mmoja aliondoa kazi zake kwenye npm, hazina ya vipande vya JavaScript, baada ya mgogoro wa jina, na miongoni mwake kilikuwemo kipande kiitwacho left-pad, chenye mistari 11, ambacho kazi yake ni kuongeza nafasi mbele ya maandishi. Kwa saa kadhaa miradi mikubwa duniani ilishindwa kujengwa, mpaka wasimamizi wa npm wakakirudisha wenyewe.

Hapa kanuni ya Debian haina mlango wa nyuma, na natamani kila distro ingeifuata: kifurushi cha main hakiruhusiwi kugusa mtandao wakati wa kujengwa. Kila kipande lazima kiwe tayari ndani ya hazina, na msimbo wa asili huhifadhiwa humohumo pamoja na kifurushi. Ni kazi ya kuchosha mno. Nimewahi kutayarisha programu moja ndogo ya kuhesabu mahudhurio ambayo ilidai vipande vingine kwanza, na kila kipande kikadai vyake, hata programu yenyewe ikawa ndiyo sehemu nyepesi ya kazi. Lakini matunda yake ni kwamba tovuti ya mwandishi ikifungwa kesho, kifurushi kinaweza kujengwa upya, kurekebishwa kasoro ya usalama na kusambazwa, bila kumtafuta mtu. Google Code ilifungwa Januari 2016, na Gitorious mwaka 2015. Miradi iliyokuwa imehifadhiwa huko na ambayo tayari ilikuwa ndani ya Debian haikupoteza msimbo wake, kwa sababu nakala ilikuwepo upande wetu.

Hilo ndilo linalonifanya nisiogope kuondoa kifurushi kama Ndugu wa Mbarara anavyoogopa. Kuondolewa katika toleo jipya hakumaanishi kufutwa duniani. Tovuti ya snapshot.debian.org huhifadhi hazina jinsi ilivyokuwa siku baada ya siku tangu mwaka 2005. Mradi wa Software Heritage, ulioanzishwa Ufaransa na taasisi ya Inria mwaka 2016, hukusanya msimbo wa programu kutoka kila pembe ya dunia ili usipotee, na distro ya Guix imetengenezwa hivi kwamba anwani ya asili ya msimbo isipojibu, huutafuta huko. Watu wa distro ya Gentoo nao hawafuti ghafla: kifurushi kinachokwenda kuondolewa hufungiwa kwanza na tangazo hutolewa, kwa kawaida siku 30 kabla, ili anayekijali ajitokeze kukiokoa. Ningependa utaratibu wa tangazo uwe wa lazima kila mahali, kwa sababu mara nyingi anayejitokeza ni mtu asiyetarajiwa kabisa, aliyekuwa akikitumia kimyakimya katika hospitali au shule.

Kwa hiyo hitilafu ya Mwalimu haikuwa kuwepo kwa kifurushi kile. Ilikuwa ukimya wake. Kifurushi kinachotegemea kupakua kinapaswa kushindwa kwa sauti, na kabla hakijajiandika kwamba kimesakinishwa. Najua ubishi uliopo juu ya hili: skripti ikirudisha kosa, dpkg hukiacha kifurushi katika hali ya nusu, na apt huendelea kulalamika kila inapoendeshwa hadi tatizo litatuliwe. Baadhi ya distro ziliona usumbufu huo ni mkubwa, zikaamua upakuaji ukishindwa usakinishaji uendelee na ujumbe uonyeshwe baadaye kwenye skrini ya mtumiaji. Kwenye kompyuta ya nyumbani labda inafaa. Kwenye seva isiyo na skrini, au maabara ambayo mashine zake husakinishwa zote kwa pamoja usiku, ujumbe huo haumfikii mtu.

Mwanaprogramu wa Mbarara anajibu:

Dada, kipimo chako cha nani anaweza kukirudisha nimekikubali, na ni bora kuliko changu, ambacho kilikuwa kutoondoa kitu kabisa. Nabaki na wasiwasi mmoja. Snapshot na Software Heritage zote ziko mtandaoni, na ukubwa wake hauwezi kutiwa kwenye diski ya nje. Kwa mtu wa Arua au Moroto, kifurushi kilichohamia huko ni sawa na kilichopotea, isipokuwa awe amepata taarifa mapema na kukichukua. Kwa hiyo tangazo la siku 30 ni fupi mno kwa sisi tunaosasisha diski mara moja kwa muhula. Ingefaa taarifa ikae ndani ya hazina yenyewe, katika maelezo ya kifurushi, toleo zima kabla ya kuondolewa, ili hata aliye nje ya mtandao aione siku anapokisakinisha.

Mtunza Vifurushi (Entebbe) anajibu:

Nakubaliana nawe kabisa, na jambo hilo halihitaji kanuni mpya. Maelezo ya kifurushi huandikwa na mtunzaji, naye anaweza kuongeza aya inayosema kwamba kitu fulani cha nje kimefungwa na kwamba kifurushi hakitakuwemo katika toleo lijalo. Atakayeona kifurushi kisichosema hivyo aripoti hitilafu. Ripoti za namna hiyo hutoka mara chache sana katika nchi zetu, na watunzaji wengi hawajui kwamba kuna hazina zinazosafiri kwa basi. Mwalimu, ripoti yako wewe, yenye lile jedwali lililovuka ukurasa na zile herufi ii, ingemweleza mtunzaji mengi zaidi ya mjadala huu wote.

Mwalimu wa Maabara (Gulu) anajibu:

Nitaiandika wiki hii. Nilikuwa nikidhani ripoti hizo ni za wataalamu.

Nina swali la mwisho la kiutendaji kwa Msimamizi wa Kampala. Nataka diski ijayo isiwe na kifurushi chochote kinachokwenda kutafuta kitu nje. Nimwelekeze vipi mwenzetu anayenakili, na zile fomu za alama tuzifunguaje?

Msimamizi wa Seva (Kampala) anajibu:

Mwalimu, mwulize kwanza anatumia programu gani kunakili. Ikiwa ni debmirror, ajue kwamba isipoelekezwa huchukua main pamoja na contrib na non-free. Kwa mashine za wanafunzi aandike --section=main,main/debian-installer,non-free-firmware, na contrib haitakuja. Kama mna sababu ya kuihitaji contrib, kwa mfano injini zile alizozitaja Ndugu wa Mbarara, ainakili kwenye saraka ya pembeni ambayo haimo katika orodha ya vyanzo ya mashine za darasani, na ninyi wasimamizi mchukue kimojakimoja mkijua mnachokichukua.

Kwa mashine ambazo tayari zimesakinishwa, ingia katika /var/lib/dpkg/info na uendeshe grep -lE 'wget|curl' *.postinst, inayotafuta skripti zinazotaja wget au curl, programu za kupakua. Utapata orodha fupi ya vifurushi ambavyo skripti zake za usakinishaji huenda zinatoka nje. Si kila kitakachotokea ni tatizo, na vipo vinavyoita programu nyingine ndiyo ipakue, kwa hiyo visome kwa macho. Lakini vingi utavikamata hapo.

Kuhusu fomu, fonti za Liberation, ambazo Red Hat walizitoa mwaka 2007, zimepimwa ili kila herufi ichukue upana uleule wa Arial, Times New Roman na Courier New. Maumbo ya herufi yanatofautiana kidogo, lakini mistari inakatika palepale na jedwali halivuki ukurasa. Ikiwa fomu zimeandikwa kwa Calibri au Cambria, jambo linalowezekana kwa kuwa Word ilitumia Calibri kama fonti ya kawaida kuanzia toleo la 2007, basi kifurushi kile cha kupakua kisingewasaidia hata kama mngekuwa na intaneti, kwa sababu fonti hizo hazimo ndani yake. Sakinisheni fonts-crosextra-carlito na fonts-crosextra-caladea. Zote hizi, pamoja na fonts-liberation, ziko main, zikiwa kamili ndani ya kifurushi, na diski yenu huenda tayari inazo.

Zitakazobaki ni fomu zilizoandikwa kwa Verdana, ambayo haina mwenzake katika Liberation. Hizo mwombeni anayezituma awape pia nakala ya PDF iliyobeba fonti zake ndani, mwichapishe kutoka humo, na zile za kujazwa kwenye kompyuta mzipangie upana wa safu upya mara moja kisha mhifadhi nakala yenu ya kutumia kila muhula.